Kabla ya kununua RAM ya kompyuta ya zamani, soma lebo ya ile iliyomo

Kompyuta nyingi zinazowekwa stoo hapa Uganda kwa madai kwamba zimezeeka hazina ubovu wowote. Zimeelemewa na kazi tu. Mashine iliyotoka kiwandani miaka kumi na tano iliyopita ikiwa na GB 2 za RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi inayoendelea, ilitosheleza mahitaji ya wakati ule, lakini leo kivinjari chenye kurasa chache kinaweza kuzimaliza zote, na hapo mfumo endeshi unalazimika kuazima nafasi kwenye diski, ambayo kasi yake haikaribii hata kidogo ile ya RAM. Mwenye mashine anaona uzito, anaambiwa anunue nyingine, naye anaamini.

Ninaandika haya kwa sababu ya kompyuta mpakato ya dada yangu, ambaye ni mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo hapa Bombo. Prosesa yake ni Intel Core i5 ya kizazi cha pili, aina iliyoingia sokoni mwaka 2011, nayo inamudu hesabu za wanachama bila taabu, ila mashine ilikuwa na kipande kimoja tu cha RAM cha GB 2. Dada akifungua daftari la hesabu, kivinjari na barua kwa pamoja, taa ya diski ilikuwa ikiwaka bila kukoma na mshale wa kipanya ukiganda. Baadhi ya wanachama walikwisha kupendekeza wachange fedha za mashine mpya. Nilimwomba dada awasihi wasubiri kwanza, maana fedha za chama cha akiba ni jasho la watu.

Maduka ya vipuri yenye uchaguzi mpana yako Kampala, katika majengo ya biashara yaliyo upande wa chini wa barabara ya Kampala Road, na kutoka Bombo hadi huko ni takriban kilomita 35. Mtu akirudi na kipande kisichoingia amepoteza siku na nauli, na wauzaji wengi wa vipuri vilivyotumika hawapendi kupokea tena kilichokwisha kutoka dukani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kutafuta hufanyika nyumbani, mezani, kabla ya kupanda taksi.

Jambo la kwanza ni kizazi cha RAM, na hapa hakuna mjadala: DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani. Volti zake ni tofauti (1.8, 1.5 na 1.2), idadi ya miguu ya shaba ni tofauti (200, 204 na 260 kwa kompyuta mpakato), na pengo lililokatwa kwenye ukingo wa kila aina liko mahali pake ili mtu asiweze kuchomeka isiyohusika. Mtu akiona kipande kinakataa kuingia, asikisukume kwa nguvu. Kwa kawaida pengo hilo linamwambia kwamba ameshika kizazi kingine.

Kizazi kinasomeka kwenye lebo ya kipande kilichomo ndani ya mashine. Tulizima kompyuta ya dada, tukachomoa waya wa umeme na betri, tukafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi ndogo ya nyota, na kwenye kipande kile tukakuta maandishi haya: 2GB 2Rx8 PC3-10600S-9-10-F2. Anayeyaona kwa mara ya kwanza huyapita kama namba ya kiwandani, kumbe karibu kila anachohitaji kujua kimo humo. 2GB ni ukubwa. 2Rx8 inaeleza kwamba chipu, yaani vile vipande vidogo vyeusi vilivyobandikwa juu yake, zimepangwa katika safu mbili na kwamba kila chipu hutoa biti nane kwa wakati mmoja. PC3 maana yake ni DDR3. 10600 ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde, kwa makadirio, nayo ni kasi ile ile ambayo wauzaji wengine huiandika 1333. Herufi S inaonyesha kipande kifupi cha kompyuta mpakato. Kwenye kompyuta ya mezani utakuta U. Ukikuta R, hicho ni cha seva, na kwenye kompyuta ya kawaida hakitafanya kazi hata kama muuzaji anakitoa kwa bei ya kutupa. Nalisisitiza hili kwa sababu vipande vya seva vilivyotumika mara nyingi huuzwa rahisi, na urahisi huo humvuta mnunuzi asiyesoma herufi hiyo.

Kuna herufi nyingine ndogo yenye uzito mkubwa, nayo ni L. Kipande kilichoandikwa PC3L hutumia volti 1.35, lakini kimetengenezwa kustahimili 1.5 pia, hivyo kwa kawaida hukubalika kwenye mashine za zamani zaidi. Kinyume chake si kweli: kompyuta mpakato nyingi za Core i za kizazi cha nne zinadai 1.35, na ukizipa kipande cha 1.5 zinaweza kukataa kuwaka. Mtu akikosa uhakika kati ya vipande viwili vya DDR3 vya mpakato, kile chenye L ndicho salama zaidi.

Baada ya kizazi kinafuata kikomo cha mashine, yaani RAM nyingi kabisa inayoweza kuikubali, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kompyuta mpakato nyingi za miaka ya 2006 na 2007 zilizojengwa juu ya chipuseti (chipu za bodi zinazosimamia RAM) ya Intel 945GM huona takriban GB 3 tu hata zikiwekewa GB 4. Windows ya biti 32 nayo haivuki GB 4, hata kama bodi inaweza zaidi. Prosesa ya dada hufika GB 16, yaani vipande viwili vya GB 8, lakini kwa sharti: kila kipande cha GB 8 kiwe na chipu 16, kwa kawaida nane kila upande. Kile chenye chipu nane tu kimetumia chipu zenye ujazo mkubwa zaidi, ambazo prosesa za kizazi hicho hazizisomi. Geuza kipande mkononi, hesabu chipu pande zote mbili, kisha ndipo mzungumze bei.

Sisi hatukuhitaji kufika huko. Nafasi ya pili ilikuwa wazi, kwa hiyo tuliamua kuongeza kipande kimoja cha GB 4 na kuiacha GB 2 mahali pake. Wapo wanaoshikilia kwamba vipande lazima vilingane. Kulingana kunasaidia kasi, lakini si sharti. Ukichanganya kasi mbili, vyote viwili vitakwenda kwa kasi ya kile cha chini, na kwa hesabu za chama tofauti hiyo haionekani kwa macho. Fedha iliyobaki ni afadhali iende kwenye SSD, ile diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka.

Dukani niliingia na picha ya lebo kwenye simu. Kijana aliyenihudumia aliangalia jina la kompyuta tu, akanipa kipande, akasema, "Mwalimu, hii inaingia kwenye mashine zote za namna hiyo." Kilikuwa DDR4. Nilimwonyesha picha, naye bila ubishi akaenda kutafuta hadi akapata PC3L-12800S ya GB 4. Nilimwomba aandike aina hiyo yote kwenye risiti, pamoja na siku alizokubali kukipokea kikileta shida.

Kukiweka si kazi ngumu. Gusa kwanza chuma kilicho wazi ili umeme tuli utoke mwilini, ingiza kipande kikiwa kimeinama, kisha kibonyeze kilale mpaka vishikio vya pande zote mbili vibane kwa mlio. Kompyuta ya dada iliwaka na kuonyesha GB 6. Hata hivyo kuwaka peke yake si ushahidi wa uzima. Tuliiacha na programu ya bure ya kupima RAM, Memtest86+, usiku kucha, na hakukuwa na kosa hata moja. Makosa yakijitokeza, vitoe vyote viwili, ujaribu kimoja kimoja katika nafasi ile ile, kisha katika nafasi ya pili, ili ujue kama ubovu uko kwenye kipande au kwenye bodi. Kisha piga picha ya kioo na urudi dukani na risiti kabla siku mlizokubaliana hazijaisha.