Jinsi tulivyomvisha Maalim beji

Maalim alijichangia mwenyewe, na kosa lilikuwa langu.

Klabu yetu ya Rotary, ule umoja wa kimataifa wa watu wanaojitolea kusaidia jamii, hapa Malindi ina mzee mmoja, huyo Maalim, mwalimu mstaafu, ambaye hakuna mchango uliowahi kumpita. Nikataka apewe Paul Harris Fellow, heshima iliyoanza mwaka 1957, yenye jina la yule wakili aliyeanzisha Rotary kule Chicago mwaka 1905. Hupewa aliyechangia Mfuko wa Rotary dola 1,000, au aliyechangiwa kwa jina lake. Mwenzetu mmoja akaniapia kwamba lazima zitolewe kwa mkupuo. Laki na ushei, kwa mkupuo! Nikamwamini, nikapoteza miezi miwili.

Nilifungua kundi la WhatsApp: "Tunamchangia mwenzetu anayestahili heshima. Jina ni siri." Kwa pupa nikawaingiza wanachama wote, Maalim akiwemo. Dakika kumi hazijaisha, M-Pesa ikaingia, shilingi elfu tano. Maalim! Wengine wote walikuwa bado wanaahidi. Jioni akanipigia: "Mwanangu, huyo mtu mumheshimu vizuri. Wengine hufa hawajaambiwa ahsante." Nilibaki kibarazani na simu mkononi, koo limenikaba. Kumrudishia kungefichua siri, basi nikazipeleka kwenye mfuko wa Rotary wa kupambana na polio kwa jina lake.

Kwenda kuziandikisha ndiko kulikotuokoa. Katibu alifungua ripoti ya klabu, tukakuta Maalim amekwishafikisha dola 640, kidogo kidogo kwa miaka. Kumbe michango hujumlishwa, hakuna cha mkupuo! Itazameni ripoti hiyo kabla hamjamwomba mtu hata senti. Halafu kuna alama: kila dola uliyotoa kwa mfuko wa mwaka au wa polio inakupa alama moja, na alama hizo waweza kumhamishia mwenzio, kuanzia 100. Wanachama wanne walikuwa nazo zimelala tu. Kila mmoja akatia saini fomu ya alama 100, tukavuka elfu siku hiyo hiyo. Ningelijua mapema!

Kilichoniuma ni kwamba ripoti huhesabu tu kilichopitia kwenye mfuko. Karo alizowalipia watoto wa eneo la Barani hazimo. Nikamwendea mkewe, naye akanitajia watoto sita, akanyamaza, kisha akasema: "Hao ni niliowafuma mimi. Wengine anawajua Mungu." Nikayaandika hayo yasomwe pamoja na cheti. Nawe fanya hivyo, cheti peke yake hakimwelezi mtu.

Kumleta ilikuwa kazi nyingine, maana Maalim hukimbia sherehe. Tukamwomba aje kufungua kikao kwa dua, na dua haikatai. Mkewe alikuwa amejificha jikoni na mahamri na leso mpya yenye maneno WEMA HAUOZI. Jina lilipotajwa, Maalim akageuka nyuma kumtafuta anayeitwa.

Rais wa klabu akamsogelea na beji. Maalim akaushika ule mkono, akauliza kwa sauti ya darasani: "Hii imegharimu pesa ngapi za watoto?"

Nikamweleza habari ya alama, kwamba fedha zenyewe zilikwenda zamani kwenye kazi, na zile elfu tano zake zimekuwa matone ya polio. Akanitazama kwa muda. Kisha akaunyoosha ukosi wa kanzu yake, akasema: "Basi nivisheni."