Siku Baba Alipokuja Karakana

Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge huko Muheza, upande wa brashi, kule ambako singa zikishakauka husuguliwa zikang'aa kabla ya kufungwa marobota. Vumbi la pale alilijua hadi kifuani. Nilipomaliza darasa la saba nikachaguliwa kwenda shule ya sekondari ya ufundi mjini Tanga, furaha yake ilikuwa nusu. Sekondari aliitaka, ufundi hakuutaka. Mafundi aliowajua yeye ni wale wanaogongewa mlango usiku korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, ikigoma, wanaingia chini ya mashine, wanatoka weusi kwa grisi, na mwisho wa mwezi hawamzidi yeye kwa kitu cha maana. Aliyekaa kwenye kiti chini ya pangaboi alikuwa karani. Baba alitaka mtoto wa kwenye kiti.

Simlaumu hata kidogo. Hakuna aliyewahi kumwonyesha fundi aliyepanda.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha nne, fani ya umeme, na wakati wa kujaza fomu za machaguo ulikuwa umefika. Mimi nilitaka Dar Technical, chuo cha ufundi cha Dar es Salaam, nikasome miaka mitatu nipate cheti cha fundi sanifu, kile tulichokiita FTC. Baba alitaka kidato cha tano, mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, kisha chuo kikuu. Tuliandikiana barua, kila mmoja akirudia ya kwake kwa heshima. Mwalimu wetu wa karakana akaisikia habari hiyo, na kumbe si mimi peke yangu, tulikuwa wengi wenye wazazi wa namna hiyo. Akaomba waitwe Jumamosi moja.

Baba alikuja na basi la asubuhi, kavaa shati lake la Idi, mkononi kapu la machungwa kwa ajili ya mwalimu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza ofisi ya mkuu wa shule iko wapi. Nikamwambia wazazi wanapokelewa karakana. Uso wake ulibadilika kidogo, lakini akanifuata.

Nadhani mwalimu alifanya makusudi. Angeweza kuwakalisha wazee ukumbini akawahutubia. Badala yake aliwasimamisha katikati ya meza zenye jiriwa, kwenye harufu ya vanishi, wakizunguka mota moja ya pampu ya maji. Mota hiyo ilikuwa imeungua kwenye shamba moja la mkonge, ikaletwa kwetu tuisuke upya. Kazi hiyo tulikuwa tumeifanya kwa majuma kadhaa. Kabla ya kukata waya hata mmoja wa zamani, mwalimu alitulazimisha kuandika kila kitu daftarini: matundu mangapi, koili inaruka kutoka tundu lipi kwenda lipi, mizunguko mingapi, unene wa waya kwa maikromita. Aliyekuwa na haraka alirudishwa nyuma. Ndipo tukaweka karatasi za kuzuia umeme, tukaingiza koili mpya za shaba moja moja kwa vidole, tukafunga nyuzi, tukamwagia vanishi, tukakausha, tukapima kwa mega, kipimo cha kuona kama umeme hauvuji.

Pamoja na mwalimu alikuwapo kaka mmoja aliyemaliza shule hiyo hiyo miaka ya nyuma, akapitia Dar Technical, na wakati huo alikuwa kiwanda cha saruji cha Pongwe. Alivaa suruali safi na viatu vya kazi. Wazee walimtazama viatu kuliko walivyomsikiliza.

Tukaiunga mota kwenye umeme wa fezi tatu, mwalimu akabonyeza kitufe. Ikaamka vizuri, bila mngurumo mbaya. Kaka akaitazama feni yake ya nyuma, kisha akautazama mshale uliochorwa kwenye ganda.

"Inazunguka kinyume," akasema. "Tumesuka vibaya?"

Akanielekezea kidole mimi. Nikamjibu, "Hapana, kaka. Tubadilishane fezi mbili."

"Zipi?"

"Zozote mbili."

Mwalimu akazima, akafunga swichi kubwa, nikabadilisha nyaya mbili kwa spana mbele ya watu wote. Kabla hatujawasha tena, baba akasema kutoka nyuma, "Na ukizihamisha zote tatu?"

Karakana ilinyamaza. Nikafikiri kwanza. Nikamwambia zikisogea zote tatu kwa mpangilio, ya kwanza ikaenda kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, ya tatu kwa ya kwanza, mota itaendelea kuzunguka upande ule ule, maana zamu ya fezi haijabadilika. Baba akatikisa kichwa polepole. Akasema kwao kiwandani waliwahi kuhangaika zamu nzima na mota iliyorudi kutoka matengenezo ikizunguka kinyume, kila wakihamisha nyaya hali ni ile ile, na hakuna aliyejua kueleza sababu. Alikuwa amelibeba swali hilo miaka yote. Tukawasha, mota ikaufuata mshale.

Kuanzia hapo baba ndiye aliyeuliza kuliko wazazi wote. Mtoto akitoka hapa, nani anampokea? Mwalimu akachukua chaki, akachora ubaoni njia nzima, kutoka kidato cha nne hadi juu: miaka mitatu ya FTC, kazi ya fundi sanifu, kisha stashahada ya juu ya uhandisi hapo hapo chuoni, na mwenye FTC nzuri anaweza pia kuomba chuo kikuu kwa sifa linganishi. Asiyefaulu vizuri je? Ipo VETA, akasema mwalimu, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, na majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Atakuwa fundi mchundo mwenye cheti, na akitaka kupanda zaidi njia ipo. Baba alimgeukia yule kaka. "Wewe umepita huko kweli, au unatusimulia?"

Kaka hakukasirika. Akaeleza kwamba mwaka wa kwanza chuoni wenzake waliotoka shule za kawaida walitoka jasho kwenye uchoraji wa ufundi, yeye akawa anawasaidia. Ila kwenye hisabati yeye ndiye aliyesaidiwa. "Wadogo zangu," akatuambia, "msiiache hisabati mkidhani mikono itawatosha." Na kazi ya Pongwe aliipata kwa sababu wakati wa mafunzo kwa vitendo chuo kilimpeleka pale pale, wakamjua kabla hajamaliza.

Maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyomshika baba, na mpaka leo naamini ndiyo kiini cha jambo hili. Shule ilikuwa na mota, chuo kilikuwa na nafasi, kiwanda kilikuwa na kazi, lakini mzazi wa Muheza hakuviona kama kitu kimoja mpaka alipokutana na mtu aliyetembea kutoka kimoja hadi kingine. Siku hizi majina yamebadilika. FTC imepisha stashahada inayosomwa kwa ngazi ya 4 hadi ya 6 za NTA, yaani ngazi za kitaifa za tuzo za ufundi, vyuo vinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na tangu Januari 2024 baadhi ya sekondari zimeanza mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, kwa mujibu wa Sera ya Elimu toleo la 2023. Nafurahi sana, nilikuwa nautamani mkondo huo siku nyingi. Nikisikia shule imepata vifaa vya amali, nauliza kwanza kama wazazi wameshakutana na mhitimu mmoja aliye kazini, na kama mwalimu wa karakana anajua chuo gani kitampokea mtoto wake na kwa masomo yapi. Bila hayo, tutawajaza watoto kwenye mkondo ambao wazazi watauona ni wa walioshindwa, na vifaa vitakaa chini ya turubai.

Baba hakukubali papo hapo. Alisema Dar Technical iwe chaguo la kwanza, PCM ibaki ya pili. Mwalimu akasema ni sawa kabisa, fomu inaruhusu. Machungwa yakagawiwa pale pale karakana, mikono yetu ikiwa bado na vanishi. Mwaka uliofuata nilikwenda Dar es Salaam, mwaka ule ule wa 1997 ambao sheria ilikigeuza chuo hicho kuwa Taasisi ya Teknolojia, DIT.

Mdogo wangu alipokaribia kumaliza darasa la saba, baba alipanda basi mwenyewe bila kuitwa, akaenda kuulizia nafasi za ufundi. Nilisikia kwa mama kwamba alimbana mwalimu wa zamu kwa maswali matatu: anayefaulu anakwenda wapi, asiyefaulu vizuri anakwenda wapi, na nani amepita huko nikaonane naye.