Tafakari ya Ijumaa: Mzee Hataki Shukrani, Sisi Tunadaiwa

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Katika Suratul Insaan, aya ya 8 na ya 9, wanasifiwa waja wema wanaolisha masikini, yatima na mfungwa, nao husema: "Hatutaki kwenu malipo wala shukrani." Aya hii tunaisoma vizuri, ila mara nyingi tunaitumia pasipo mahala pake. Maneno yale ni ya mtoaji. Aliyepewa amewekewa maneno yake mengine, nayo ni ya Mtume (S.A.W.): "Hamshukuru Allah asiyewashukuru watu." Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Kosa letu ni kuyachukua maneno ya mtoaji tukayavaa sisi tuliopewa. Tunasema, "Yule mzee hapendi makuu, mwacheni na mambo yake." Basi anaachwa, na mwisho tunamzika.

Mzee tunayemkusudia wiki hii ni yule aliyekwenda vita vya Amin. Karibu kila shehia ya Unguja na Pemba ina watu wa kuulizwa habari zake. Majeshi ya Uganda yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa tutapigana. Waliokwenda si askari wa kudumu peke yao. Waliitwa mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT, na jeshi likavimba mara kadhaa kwa miezi michache. Kijana aliyezaliwa katikati ya mikarafuu, ambaye hajawahi kuliona ziwa, alijikuta kwenye baridi na tope la Kagera. Daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa, na mbele yake kulikuwa na Mutukula, Masaka na Lukaya. Sehemu kubwa ya njia hiyo waliikata kwa miguu. Kampala iliangukia mikononi mwao tarehe 11 Aprili 1979.

Kurudi kwao kuliangukia wakati mbaya. Hazina ilikuwa imekauka, Mwalimu akawaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, maduka yakawa hayana sabuni wala sukari. Mtu anayepanga foleni ya nusu kilo ya sukari hana nafasi ya kumsikiliza jirani aliyetoka vitani. Mgambo naye hakuwa mwajiriwa wa kudumu. Alirudisha bunduki akarudi kwenye konde au kwenye dau lake. Hivyo ndivyo watu wengi walivyorudi kimyakimya, wala hakukuwa na mtu aliyekusudia kuwadharau. Udharau ulikuja baadaye, pale nafasi ilipopatikana na sisi tukabaki vilevile.

Wapo wanaojitetea kwa kusema, "Allah anawajua, yatosha." Neno la kweli, na Sayyidna Umar (R.A.) alilisema. Imepokewa kwamba mjumbe alipomletea habari za vita vya Nahawand alimtajia waliouawa, fulani na fulani, kisha akasema kuna na wengine asiowajua Amiri wa Waumini. Umar akalia, akasema haitawadhuru kitu Umar kutowajua, maana Allah anawajua. Sisi tumelichukua lile neno tu, kile kilio tukakiacha. Na katika Bukhari na Muslim kuna kisa cha mtu aliyekuwa akiufagia msikiti. Alipofariki, masahaba waliliona jambo lake dogo, hawakumwarifu Mtume. Yeye akauliza, "Kwa nini hamkuniarifu?" Akataka aoneshwe kaburi, akaenda akamsalia. Ufagio tu huo, sembuse mtu aliyekwenda na roho yake mkononi?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kumwendea mzee kuna namna yake. Watu wawili wanatosha, watatu ndio mwisho. Mmoja awe wa rika la watoto wake, mwengine kijana wa skuli, ili mzee aone kwamba habari yake ina wa kuirithi. Wakati mzuri ni baada ya Alasiri, jua likiwa limelegea na yeye keshapumzika. Wakati wa chakula si wakati wa kuingia, mtaitia nyumba aibu ikiwa sufuria ni ndogo. Pigeni hodi, semeni majina yenu na ya wazee wenu, subirini muitwe. Mkimkuta kajilaza barazani, msimguse bega kumwamsha. Mtu aliyelala handakini huamka na mikono, hata akiwa na miaka sabini. Simameni upande wa miguu yake, mwiteni kwa jina, taratibu, mara mbili tatu.

Wengi wao masikio yamekufa. Anayelenga kwa bega la kulia, sikio lake la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki, nalo ndilo huharibika zaidi. Kwa hiyo kaeni kulia kwake, labda awaambie vyengine. Aliyekuwa kwenye mizinga huenda yote mawili ni mabovu. Kupiga kelele hakusaidii, kunamuumiza tu. Kaeni mkielekea mwanga ili aione midomo yenu, zimeni redio, semeni polepole, mmoja mmoja. Msikitini ni vivyo hivyo: tunamweka chini ya spika tukidhani tunamsaidia, kumbe sauti inamfikia imevurugika na khutba haiambulii. Mwekeeni kiti mwisho wa safu ya mbele, aweze kumuona khatibu.

Lipo swali moja linaloharibu ziara yote, na vijana ndio huliuliza: "Mzee, uliua wangapi?" Mwambieni kijana kabla hamjatoka nyumbani kwamba swali hilo haliulizwi. Wala msimwulize habari za vyama. Mwulizeni alisafiri vipi, walikula nini, baridi waliizuia kwa nini. Swali zito liacheni hadi ziara ya pili au ya tatu: "Ulikuwa na nani, na nani hakurudi?" Akinyamaza, nanyi nyamazeni. Akilia, msimwambie "usilie mzee wangu, yamepita". Kwake hayajapita.

Njooni na daftari. Andikeni jina lake mpaka la babu, maana visiwani kwetu Haji, Makame, Juma na Khamis yanazunguka ukoo mzima, na majina mawili hayamtofautishi mtu na ami yake. Ongezeni lakabu, kijiji alichozaliwa, mwaka aliojiunga, kikosi, namba ya jeshi kama anaikumbuka (wengi wanaikumbuka kuliko siku zao za kuzaliwa), na mwaka alioachiwa. Mkimaliza msomeeni yote kwa sauti. Karani wa zamani akisikia vibaya aliandika alivyosikia, ndiyo maana jina la kwenye karatasi za jeshi mara nyingi halilingani na la kwenye kitambulisho cha Mzanzibari. Tofauti ya herufi moja inatosha kumrudisha mtu dirishani. Ikionekana, nendeni kwa Sheha mkaulize njia ya kuthibitisha kwamba majina mawili ni mtu mmoja. Fanyeni hivyo mzee akiwa hai, ana akili zake na anaweza kutia saini. Akishafariki, jambo hilo humwangukia mjane aliye edani.

Karatasi zake mtazikuta zimekunjwa mara nne, ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro au kwenye sanduku la nguo. Mfuko ule unazuia mvua, lakini unafungia jasho la hewa yetu ya bahari ndani, na karatasi zinagandana na kuota ukungu. Msizibandue kwa nguvu. Zitandazeni kivulini, pasipo upepo, zikauke siku moja au mbili. Juani wino unapauka. Zikishakauka wekeni kila moja baina ya karatasi mbili nyeupe, ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kisanduku, mbali na ukuta unaolia maji. Toeni nakala mbili, na moja ikae kwa mtoto anayeishi nyumba nyengine. Wala msiende kuzilamineti. Tunaliona mara kwa mara na kila mara linasikitisha: karatasi ikishabanwa na plastiki kwa moto haifunguki tena, na mhuri uliokwishafifia hauwezi tena kukaguliwa vizuri.

Kuna na hesabu ndogo ambayo watu huisahau. Pensheni Jamii ya Serikali ya Mapinduzi, iliyoanza 2016, ni ya waliotimiza miaka 70. Aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza ni wa mwaka 1958, yaani anatimiza 70 mwaka 2028. Mkubwa kuliko huyo huenda keshafika na hajaandikishwa, kwa kuwa hana wa kumpeleka au kitambulisho kilipotea. Kumkodia bajaji, kumfikisha na kumrudisha ni shukrani pia, tena ile isiyohitaji hotuba.

Zawadi ziwe za jikoni: kilo 5 za mchele, 2 za sukari, 2 za unga wa ngano, lita ya mafuta, majani ya chai. Mpeni Bi Mkubwa wa nyumba, kwa mlango wa uani, siku tofauti na ya mazungumzo, mzee asije akadhani mnainunua habari yake. Hapana kupiga picha za makabidhiano. Mtu aliyejistahi miaka yote hiyo hatakiwi kuonekana kwenye simu za watu akipokea mafuta ya kupikia. Na yeye bibi ashukuriwe kwa jina lake. Aliyekaa usiku na mtu anayeamka akipiga kelele ni yeye.

Jengine ni baruti. Usiku wa kuamkia Mapinduzi, tarehe 12 Januari, fataki hupigwa, na Idi watoto hawakamatiki. Wapo wazee wanaovumilia na wapo wanaojikunyata uvunguni. Mtoto wa jirani apite Alasiri ya siku hiyo amwambie, "Babu, leo usiku itapigwa." Mshindo unaotarajiwa hauna makali ya mshindo wa ghafla. Bora zaidi mjukuu alale naye chumba kimoja siku hiyo.

Msimlazimishe pia kuitwa shujaa. Katika hadithi ya Muslim, miongoni mwa watatu watakaohukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama ni aliyepigana ili asemwe jasiri. Wapo wazee wanaoijua hadithi hiyo kuliko sisi, na sifa zetu jukwaani zinawatia khofu badala ya furaha. Mwambieni "Jazakallahu khayran", ambalo Mtume (S.A.W.) amesema anayemwambia aliyemtendea wema amefikia ukomo wa kushukuru. Mtajieni alichofanya na mlichokipata: "Mlipokwenda, sisi tulisoma skuli kwa amani." Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, gwaride huwa ni la taifa. Msikiti wetu hauhitaji gwaride.

Kwa wale wasiorudi, na waliorudi wakafa bila kuulizwa, imebaki dua. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayetutendea wema tumlipe, na tusipopata cha kumlipa tumwombee mpaka tuone tumemlipa. Wanaosoma khitma wagawe juzuu 30 kwa watu 30, juzuu moja ni kama nusu saa au dakika arubaini kwa msomaji wa kawaida, kwa hiyo baina ya Magharibi na Isha inakamilika ikianza bila kuchelewa. Ugumu ni juzuu mbili tatu za mwisho kubaki bila mtu, kisha mmoja akazikimbiza. Hesabuni wasomaji kabla ya kugawa. Wasiosoma khitma wakae kwenye dua, hapana haja ya ugomvi katika jambo hili.

Kabla ya dua, imamu asome majina yaliyoandikwa kwenye daftari, yote, bila kusema "na wengineo". Wazee walio hai mwaweke mbele. Jina likisomwa kombo watalisahihisha wenyewe, na anayeandika awe na kalamu tayari.