Siku moja maishani mwangu: rubani anayefagia mavi ya ndovu

Saa 11 alfajiri niko macho. Wale mnaodhani rubani ni shati jeupe na mistari ya dhahabu mabegani, mimi navaa jaketi lenye madoa ya oili na raba za soli nyembamba, manake kwa hii kazi miguu ndio inatua ndege. Narusha Piper Super Cub huku Laikipia. Ni kandege ka viti viwili, kimoja mbele kingine nyuma, mbavu za chuma zimevalishwa kitambaa, modeli iliyoanza kutengenezwa Marekani 1949. Binamu zangu bado wananiomba tiketi za Dubai.

Saa 12 natoa mafuta kidogo chini ya tangi kwa kichupa nione kama yana maji, nafagia mavi ya ndovu kiwanjani, nafukuza punda milia. Saa 12 na nusu niko juu. Masaa mawili ya kuzunguka, kuhesabu ndovu, kuangalia fensi. Natua, chai, mandazi mawili.

Sasa abiria. Alitakiwa kufika saa 2 na nusu asubuhi, saa ambayo soksi ya upepo, kile kitambaa cha kuonyesha upepo, imelala kama nguo kwenye kamba. Akafika saa 4 na nusu, mpiga video kutoka Nairobi, begi tatu na mabuti makubwa kama ya fundi wa mjengo. Nikamwambia bro, upepo umeanza, tungoje jioni. Akapiga simu mahali, mimi nikaitwa kwa redio, jamaa ametoka mbali, mrushe nusu saa tu. Basi.

Kabla hatujaruka nikamwambia: hapo nyuma kuna pedali kama zangu, pembeni mwa kiti changu kushoto na kulia, zimeunganishwa na zangu, usiziguse. Akasema sawa kepteni, macho kwenye kamera. Ile stiki ya nyuma, ya kuongozea ndege kwa mkono, nilikuwa nimeshaing'oa, lakini pedali haziondoki hivo.

Wacha niwaeleze kitu kwanza. Ndege nyingi za kisasa zina gurudumu la tatu mbele, hii yetu iko nalo mkiani, so uzito mwingi uko nyuma ya yale magurudumu makubwa. Chukua toroli la supamaketi, lijaze unga, ulisukume kinyumenyume kwa kasi, utaona vile linataka kugeuka lenyewe. Ndio hiyo. Ikianza kwenda upande kidogo, ule uzito wa nyuma unasukuma upande huohuo, kidogo inakuwa kubwa, na usipoidaka mapema kwa mguu haidakiki. Ubaya ni kwamba usukani wa mkia, ule unaosukumwa na pedali, unafanya kazi kwa hewa inayopita juu yake, sasa vile ndege inapunguza mwendo hewa inaisha, unabaki na kagurudumu ka mkia na breki za kukanyaga kwa mguu. Na huku tuko kama futi 6,000 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mita ya mwendo ikisema 60 wewe unakimbia karibu 67. Watu hupiga makofi magurudumu yakigusa, mimi hapo ndio naanza kazi.

Tukarudi kama saa 6 hivi, upepo unatoka kulia. Nimegusa vizuri kabisa, magurudumu yote matatu, stiki nimeilaza kulia upande wa upepo, nikasema moyoni leo nimetua. Pua ikaanza kutafuta upepo, kawaida, nikakanyaga kushoto. Pedali haikwenda. Nikakanyaga tena, ngumu kama ukuta. Jamaa alikuwa amekaza miguu yote miwili kwenye zile pedali, unajua vile abiria wa matatu anakanyaga breki ambayo haipo, sasa huyu aliipata. Nikapiga kelele MIGUU! MIGUU! yeye ana headseti na anarekodi, breki ya kushoto nikaikanyaga lakini nimechelewa, ndege ikazunguka kulia, bawa la kushoto likainama likaburuta murram, vumbi kila mahali, halafu kimya. Tulikuwa tunatazama tulikotoka. Propela haikugusa chini, asante Mungu, ingegusa injini yote ingefunguliwa.

Hatukuumia. Nikazima, nikashuka, nikakaa chini ya bawa, hata sijui ni dakika ngapi.

Mchana uliobaki ulikuwa simu na maelezo na simu tena. Fundi akaja kutoka Nanyuki, mzee mmoja ambaye ameshona vitambaa vya ndege kabla mimi sijazaliwa. Akazunguka pole pole, akalala chini akaangalia boliti za miguu ya ndege, springi na cheni za mkiani, akapapasa ncha ya bawa, ile mbao ya ndani imepasuka.

"Kijana wangu, ulimwambia kuhusu miguu?"

"Nilimwambia, Mzee."

"Ulimwonyesha pa kuiweka?"

Nikanyamaza. Akaendelea kukata kitambaa na kisu chake kama hajauliza kitu.

Ndege haitaruka mpaka bawa lifunguliwe lote likaguliwe, so kesho ndovu watahesabiwa na jamaa wa doria kwa mguu, na wameshanitumia salamu zao, sitaziandika hapa.

Sai ni usiku, naandika ripoti kwa tochi ya simu, mguu wa kushoto unauma hadi pajani kwa vile nilivyokanyaga. Meseji imeingia, ni yule mpiga video ako njiani kurudi Nairobi: "Kepteni ile spin ya mwisho ilikuwa moto, lakini vumbi limefunika lenzi. Tunaweza kuirudia asubuhi jua likiwa poa?"