Siku moja maishani mwangu: kuwinda bildi zinazojirudia bila sababu, Arusha

Saa 12 na nusu asubuhi

Julai ya Arusha baridi yake haina masihara, Mlima Meru wote umejifunika mawingu, nimevaa jaketi na kofia nikapanda daladala kutoka Sakina mpaka mjini halafu nikaunganisha ya Njiro. Njia nzima nawaza kitu kimoja tu, Makefile yetu, yaani faili la maelekezo ya Make, programu inayoamua ni mafaili gani ya kodi yatengenezwe upya. Ofisini tunaandika programu ya vifaa vinavyofungwa kwenye grinihausi za maua huku Usa River, vinapima joto na unyevu vinatuma data. Ni C na C++, na inabildiwa (kodi inageuzwa kuwa programu inayoendeshwa) kwa Make. Kwa muda mrefu ukigusa mstari mmoja tu basi mafaili yote yanakompailiwa upya (yanatafsiriwa kwenda lugha ya mashine), unakaa dakika kumi na kitu unaangalia skrini, na ukiangalia skrini dakika kumi unashika simu, ukishika simu kile ulichokuwa unafikiria kimeshapotea. Bosi juzi kasema chukua siku nzima, malizana nayo.

Saa 2 asubuhi

Chai ya maziwa, chapati mbili, kazi. Kipimo changu ni rahisi sana na nakishauri kwa kila mtu: bildi mpaka iishe, halafu bila kugusa chochote bildi tena. Mara ya pili haitakiwi kukompaili hata faili moja. Yetu ilianza upya kutoka A mpaka Z.

Hapo watu wengi wanaanza kubahatisha, wanafuta hiki wanaongeza kile. Usibahatishe aisee, iulize Make yenyewe, inajua. Andika make --trace itakutajia kila kanuni inayoendeshwa (maelekezo ya kutengeneza faili fulani) na faili gani limesababisha. Ipo pia make -d ila hiyo inamwaga maneno mpaka unapotea. Wale wa Ninja, programu nyingine ya kubildi, wana ninja -d explain, inakwambia moja kwa moja kwanini kitu kimeonekana kimepitwa na wakati.

Na ili uelewe majibu yake lazima ujue Make inafikiria nini. Haiangalii ndani ya faili. Inaangalia muda faili lilipobadilishwa mara ya mwisho, kama chanzo ni kipya kuliko kilichotengenezwa, inatengeneza tena, basi. Stuart Feldman aliiandika kwenye maabara ya Bell Labs mwaka 1976, na chanzo chake ni mwenzake, Steve Johnson, aliyepoteza asubuhi nzima anatafuta kosa ambalo alishalirekebisha, kumbe faili lenye marekebisho halikukompailiwa. Yaani Make ilizaliwa kwa sababu ya kitu kilichotakiwa kubildiwa kikaachwa, na mimi leo nahangaika na upande wa pili, visivyotakiwa vinabildiwa.

Saa 4

Nimempata mkubwa wao. Kuna skripti inaandika version.h kila ukibildi, hiyo ni heda, faili la matangazo linaloingizwa kwenye mafaili mengine ya kodi, ndani inaweka namba ya toleo, tarehe na saa. Version.h imeingizwa kwenye common.h, na common.h iko kwenye karibu kila faili la mradi. Kwahiyo kila bildi saa inabadilika, heda inakuwa mpya, mradi wote unaonekana umechakaa. Saa tu jamani! Saa ambayo hakuna mtu anaisoma.

Marekebisho yako mawili na nimefanya yote. Kwanza skripti sasa inaandika kwenye faili la muda, inalinganisha na la zamani kwa amri ya cmp -s, kama yanafanana inalitupa jipya na la zamani linabaki na muda wake uleule. Skripti inaendeshwa kila mara, ni sawa, haimalizi hata sekunde, ila mafaili yanayoitegemea version.h hayaguswi. Kanuni zinazobildi kerneli ya Linux, kiini cha mfumo wenyewe, nazo zinatumia mtindo huu huu. Kwenye Ninja lazima uweke restat = 1 kwenye kanuni, usipoweka Ninja itaendelea na yote yanayolitegemea faili hata kama faili halijabadilika. Pili, tarehe na saa nimeziondoa kabisa, na namba ya toleo nimeihamishia version.c, heda imebaki na tangazo la fankisheni tu. Toleo likibadilika linakompailiwa faili moja halafu inalinki (inaunganisha vipande vyote kuwa programu moja), imeisha hiyo.

Saa 5 na kitu

Umeme ukakatika. Laptopu ikahamia kwenye betri, na hapa ndio nataka watu waelewe kwamba hili sio suala la kupenda usafi wa kodi, bildi nzima ya C++ inapiga prosesa zote kwa asilimia mia na betri inashuka ukiiona kwa macho. Mashine inafanya kazi ambayo ilishaifanya, kwa betri ambayo huna.

Saa 7 mchana

Wali maharage na parachichi. Dada mmoja tunayekaa naye meza moja akaniambia, kaka mimi hata ukirekebisha nitaendelea na make clean kwanza, nifute vyote vilivyobildiwa nianze upya, siiamini hiyo kitu. Nikamuuliza kwanini. Akasema kuna siku alibadilisha strakti (mpangilio wa data) kwenye heda, mafaili mengine hayakukompailiwa, kifaa kikawa kinasoma unyevu namba za ajabu akahangaika mpaka usiku.

Ana haki kabisa. Tena hilo ndio kubwa kuliko yote niliyosikia leo. Make clean ni dalili kwamba watu wameshaacha kuamini, na huwezi kumwambia mtu aache wakati hujampa sababu ya kuamini.

Saa 8

Kwahiyo kabla ya kuendelea nimeenda kwenye tatizo lake. Orodha ya heda iliandikwa kwa mkono, na orodha ya mkono lazima itapitwa. Nimeweka -MMD -MP kwenye GCC, kompaila yetu, yenyewe inaandika faili la .d linalotaja heda zilizotumika, isipokuwa zile za mfumo, halafu Makefile inayasoma yale ya .d kwa -include.

Halafu nikarudi kwenye msako. Folda ya build ilikuwa imetajwa kama tegemeo la kawaida la kila faili la .o (linalotokana na kukompaili), na muda wa folda unabadilika kila faili jipya likiingia ndani yake, kwahiyo mafaili yanachakazana yenyewe kwa yenyewe. Dawa ni alama ya | mbele ya jina la folda, maana yake hakikisha ipo tu, muda wake usiuangalie. Na kulikuwa na kanuni inaitwa jina moja, inatengeneza faili la jina lingine, Make inatafuta lile la kwanza hailioni milele, inaiendesha kila siku.

Saa 10 jioni

Bildi. Bildi tena. Skripti ya toleo imepita, kimya, hakuna kilichokompailiwa. Nikagusa faili moja la sensa, likakompailiwa hilo tu na kulinki. Nikamwita yule dada abadilishe strakti kwenye heda yeye mwenyewe, yakakompailiwa yanayoitumia tu, na yote. Akayahesabu kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, kuhakikisha. Akasema haya, wiki hii sitagusa clean nione.

Saa 1 usiku

Nipo nyumbani dogo mmoja wa ofisini kanitumia meseji, bro nimehama branchi nikarudi, mbona imebildi mengi? Nikamjibu hiyo ni Git, programu inayotunza matoleo na matawi (branchi) ya kodi, ukihama na kurudi mafaili yaliyotofautiana yanaandikwa upya kwahiyo muda wake unakuwa mpya hata kama yaliyomo ni yaleyale, na Make haina jinsi ya kujua. Weka ccache, yenyewe inaangalia yaliyomo, ikikuta ilishakompaili kitu kilekile inakupa jibu la zamani. Angalia tu usiwe na __TIME__ (saa ya kukompaili) kwenye kodi, itakuharibia. Kasema anaweka sasa hivi.