Siku moja maishani mwangu: betri isiyoshiba

Saa 1:15 asubuhi. Nafungua gereji hapa Kizota. Upepo wa Dodoma umeshamwaga vumbi juu ya meza, utadhani jana hatukufagia.

Saa 2:00. Inaingia Corolla ya mwaka 1997. Mwenyewe ni mama mmoja, mtumishi kule Mji wa Serikali, Mtumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Gari hili litanipandisha presha."

Jioni akisimama kwenye foleni taa zinafifia, akikanyaga mafuta zinarudi. Asubuhi gari haliwaki mpaka aazime umeme kwa jirani. Fundi mwingine kamwambia anunue alteneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, ya mtumba. Kazini Mtumba, dukani mtumba. Hata yeye kacheka.

Namwacha apande daladala, natoa mita. Injini ikiwa imezimwa, betri inasoma volti 12.3, iliyojaa husoma 12.6 hivi. Injini ikinguruma bila mzigo, 13.5. Nawasha taa kubwa na feni: 12.1. Hapo betri haili, inaliwa. Dogo, msaidizi wangu, anapiga resi hadi mizunguko 2,000 kwa dakika, inapanda 14.1.

Dogo huyohuyo anataka achomoe kichwa cha betri injini ikinguruma, "tuone kama itazima." Namshika mkono. Huo mchezo umeua magari mengi mitaani. Ukiitenga betri ghafla, volti zinaruka na zinaweza kuunguza dayodi na rejuleta za alteneta, hata kompyuta ya gari.

Saa 3:10. Napima waya, mizigo yote ikiwa imewashwa. Kutoka alteneta hadi chanya ya betri inapotea volti 0.15, kutoka bodi ya alteneta hadi hasi, 0.05. Waya hazina kosa. Mkanda umelegea, naukaza. 12.4. Bado.

Nikiri tu, spana ya kufungulia alteneta nilikuwa nimeshaishika. Ila kitu kinachofika 14.1 kwa resi, nikishushe cha nini? Ndipo nikautazama mshale wa mizunguko kwenye dashibodi: 550. Injini hii ikitulia inatakiwa ikae kwenye 750 hivi. Puli ya alteneta ni ndogo kuliko ya injini, kwa hiyo alteneta huzunguka zaidi ya mara mbili. Injini ikipungukiwa mizunguko 200, alteneta imekosa zaidi ya 400. Na huko chini kila mzunguko una thamani, maana ndiko inakozaa umeme kiduchu.

Saa 4:00. Filta ya hewa nyekundu kwa vumbi. Mlango wa hewa, ule unaofunguka ukikanyaga mafuta, mweusi kwa masizi. Hewa haipiti vizuri, ndiyo maana injini inalegea ikitulia. Dawa, mswaki, kitambaa. Bolti moja yenye kutu imekula nusu saa yangu.

Saa 6:00 mchana. Mshale uko 750. Taa na feni zote: 13.6. Betri naiweka kwenye chaja ishibe kabisa.

Saa 7:00. Ugali na mlenda. Baadaye honi ya bajaji na balbu mbili, hakuna la kusimulia.

Saa 11:15 jioni. Mama karudi. Namwonyesha mita, taa zikiwaka.

"Alteneta umenunua bei gani?"

"Sijanunua kitu mama. Nimesafisha na kukaza mkanda."

"Ahaa. Basi kama hukununua kitu, hiyo hela yote ya nini?"

Tumevutana mpaka jua limezama.