Moto wa Agia Eleni, usiku wa Mei 21

Kuni zilikuwa magogo ya mwaloni, zimesimamishwa kwa kuegemeana hadi kupita kimo cha mtu, kwenye uwanja mtupu wa Agia Eleni, kijiji cha wakulima karibu na mji wa Serres, kaskazini mwa Ugiriki. Mwaka ulikuwa 2012, sikukuu ya Watakatifu Konstantino na Helena, siku ya Anastenaria, ibada ya kucheza peku juu ya makaa. Alasiri akafika mzee mwenye dhamana ya moto, mkononi mshumaa uliowashwa mbele ya ikoni, yaani picha takatifu ya mtakatifu, akauchomeka chini ya kuni. Dhamana hiyo hurithiwa. Hapewi kila anayejitolea. Nilimwuliza kwa nini mwaloni wakati misonobari imejaa milimani. "Msonobari una utomvu, mwanangu. Utomvu unanata." Mbao kuukuu zilitengwa kando kwa sababu ya misumari. Msumari ukiiva katikati ya makaa humwaga joto lake lote kwenye unyayo kwa mguso mmoja, na kwa macho huutofautishi na kaa.

Wageni wengi huja saa ya moto tu, wakapiga picha na kuondoka. Wanakosa karibu kila kitu. Mimi nilikuwa mwanafunzi Thessaloniki, Mkenya wa Kanisa la Othodoksi, na nilikuwa nimefika tangu jana yake, Mei 20, jioni ambayo Anastenaria huanza hasa.

Huanzia konaki, chumba kikubwa chenye rafu ya ikoni ukutani na viti vya kuambaa pembeni. Ikoni zao si za kutundikwa tu. Zina mpini chini wa kushikia, zimevikwa bati la fedha, na zimening'inizwa njuga na vibati vya nadhiri. Juu yake hulazwa vitambaa vyekundu, ambavyo mzee wa kundi humkabidhi mchezaji kama amana. Wenyeji huziita ikoni hizo Mababu, na huzisalimu hivyohivyo: kuinama, kubusu, kufukiza uvumba.

Muziki ni lira ya Thrakia, fidla ndogo inayosimamishwa juu ya paja, na ngoma kubwa inayopigwa pande zote mbili. Lira ndiyo inayoongoza. Ikienda polepole watu hukaa kimya, wengine wakilia. Ikikaza mwendo mmoja huanza kutikisa kichwa, kupumua kwa nguvu, kuguna, halafu husimama na kucheza mbele ya rafu. Mtu wa pwani yetu angesema huyo amepandisha. Wao husema mtakatifu amemshika. Mama mmoja wa makamo alicheza muda mrefu huku uso umekunjamana kama wa mtu mwenye maumivu, mpaka mzee alipomwekea ikoni mikononi. Mabega yakashuka hapohapo.

Asubuhi ya tarehe 21 ilikuwa ibada kanisani, kisha maandamano hadi kisima cha maji matakatifu, kisha dhabihu. Mnyama huelekezwa mashariki, hufukizwa uvumba, na damu yake huachwa iingie ardhini. Nyama hugawiwa ikiwa mbichi kwa kila nyumba inayohusika.

Asili ya haya yote si hapo kijijini. Ni Kosti, kijiji cha Thrakia karibu na Bahari Nyeusi, ambacho leo kiko Bulgaria. Hadithi yao inasema kanisa la Mtakatifu Konstantino liliwaka, ikoni zikasikika zikiguna ndani, na walioingia kuziokoa wakatoka bila kuungua. Baada ya Vita vya Balkani Wagiriki wa Kosti wakawa wakimbizi, wakabeba ikoni zao, wakatawanyika Agia Eleni, Langadas, Meliki na Mavrolefki. Kwa miaka mingi walicheza ndani, milango imefungwa, kwa kuwaogopa majirani na maaskofu. Upande wa pili wa mpaka, ibada ndugu yake bado hufanyika kijiji cha Bulgari, na UNESCO iliiorodhesha mwaka 2009.

Usiku ulipoingia rundo lilikuwa limeporomoka lenyewe. Mzee na wasaidizi wawili walilivunja kwa miti mirefu, wakalisambaza kuwa duara la kama mita sita, unene wa vidole vitatu hivi. Hapo hapana haraka. Kipande chochote kilichobaki na ulimi wa moto kilivutwa nje, maana hicho bado ni kuni, hakijawa kaa. Tabaka likiwa nene mguu huzama, na makaa huukumbatia hadi juu, kwenye ngozi laini isiyo na sugu.

Wachezaji walitoka konaki peku, wameshika ikoni na vitambaa, lira na ngoma mbele yao. Walilizunguka duara kwanza. Hakuna aliyewahesabia. Mmoja alikatisha katikati, akarudi, na wengine wakafuata, kila mmoja kwa mstari wake. Hawakukimbia. Walikanyaga kwa unyayo mzima, hatua fupi za mwendo uleule wa ngoma, wakitoka upande wa pili na kugeuka kwenye udongo baridi kabla ya kuingia tena. Hawakuacha mpaka wekundu ukafifia. Haikufika nusu saa.

Kuhusu kutoungua, sehemu yake inaeleweka. Kaa la mti ni jepesi, lina matundu, na halipitishi joto upesi. Majivu juu yake yanaongeza kizuizi. Na hatua haikai hata nusu sekunde. Mama anayedaka kaa kwa vidole na kulitupia kwenye jiko la pili anaijua kanuni hiyo bila kuisomea. Lakini mwenye kukimbia huchimba kwa vidole vya miguu na kujirushia makaa, na mwenye kusimama huchomeka bila mjadala.

Usiku ule kijana mmoja mgeni alichomoka kwenye umati, akakimbia katikati, akashtuka, akasita. Kaa lilimnasia kati ya vidole. Walimtoa, wakamwagia maji, na malengelenge yalikuwa yameshaanza. Wazee hawakumcheka wala hawakumsikitikia sana: kwao, asiyefunguliwa njia na mtakatifu haingii. Hata baadhi ya wachezaji wao wa miaka mingi walibaki pembeni usiku huo, na hakuna aliyewauliza sababu.

Maaskofu wengi huiita ibada hii upagani. Mimi sikubaliani. Niliona watu waliobatizwa, waliotoka kwenye ibada asubuhi, wakibusu ikoni kwa adabu iliyozidi ya wengi wetu. Kinachoigombanisha Kanisa na Anastenaria, nadhani, ni swali la nani mwenye ikoni: padri, au ukoo uliozibeba kutoka Kosti.

Baada ya moto wote walirudi konaki, wakacheza tena kidogo, ndipo wakala. Mpiga lira alikula wa mwisho, vidole vimevimba, kwa kuwa kesho yake kulikuwa na mzunguko wa nyumba kwa nyumba, na mzunguko huo hauanzi bila yeye.